Asili ya Neno na Maana Yake: Mhadhara juu ya Maneno ya Kale ya Kiingereza

Kuna kauli isikikayo sana madarasani, makanisani na mahakamani kila neno la Kiingereza linapozua ubishi. Mtu husimama akasema kwamba maana halisi ya neno hilo ni hii, kwa sababu limetokana na neno fulani la Kilatini au la Kigiriki. Kauli hiyo ina mvuto. Huonyesha elimu, na mara nyingi hufunga mjadala kabla haujaanza. Hoja nitakayoitetea hapa ni kwamba ndani yake mna makosa mawili. La kwanza ni kudhani kuwa neno lina maana moja ya kweli iliyofichwa kwenye shina, na kwamba maana zote zilizofuata ni upotovu. La pili ni kudhani kuwa asili hujulikana kwa kusikiliza mfanano wa sauti, au kwa kupokea hadithi tamu aliyoisimulia mtu. Nasema kwamba maana ya neno la kale huthibitishwa na matumizi yaliyoandikwa na kujulikana tarehe yake, na asili huthibitishwa na kanuni za mabadiliko ya sauti. Ni mambo mawili majirani, lakini kila moja lina mashahidi wake. Maneno ya kale ya Kiingereza yanafaa sana kwa uchunguzi huu, kwa kuwa lugha hiyo imeandikwa kwa zaidi ya miaka 1,300 na katika muda huo imegeuka kiasi kwamba msemaji wake wa leo hawezi kusoma maandishi yake ya kwanza bila mwalimu.

Tuanze na ushahidi wenyewe. Waanglia, Wasaksoni na Wajuti waliovuka bahari katika karne ya 5 walifika Uingereza na lahaja zilizokaribiana na lugha za pwani za Ujerumani na Denmark ya leo. Walikuwa na herufi za kuchonga kwenye mawe, mifupa na silaha, ila uandishi wa vitabu ulikuja na Ukristo. Mwaka 597 mmisionari Augustino, aliyetumwa kutoka Roma, alifika Kent na kupokewa na mfalme Æthelberht. Sheria za mfalme huyo, zilizoandikwa kwa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 7, ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya lugha hiyo. Na hata hizo hazikutufikia katika nakala ya wakati wake, bali katika kitabu kimoja kilichonakiliwa Rochester katika karne ya 12, miaka 500 baadaye. Maandishi yote ya Kiingereza cha Kale yaliyosalia, ukiyajumlisha, yana maneno yapatayo milioni 3 tu. Utenzi mashuhuri wa Beowulf umebaki katika hati moja ya mkono, ya mnamo mwaka 1000, na hati hiyo iliungua kingo zake katika moto uliozuka Ashburnham House, London, mwaka 1731. Nayataja haya ili ieleweke kwamba kila tunachosema juu ya maana ya neno la kale kinasimama juu ya ngozi chache za kuandikia zinazohesabika. Asiyeweza kutaja ngozi hizo hana budi akiri kwamba anakisia.

Bahati nzuri, baadhi ya ngozi hizo hujifafanua zenyewe. Watawa waliosoma Kilatini walizoea kuandika neno la Kiingereza juu ya neno la Kilatini lililowatatiza. Injili za Lindisfarne, zilizoandikwa kwa Kilatini mnamo mwaka 700, zilitiwa Kiingereza kati ya mistari katika karne ya 10 kwa mkono wa padri aliyeitwa Aldred. Kwa kuwa Kilatini cha Injili kinajulikana vizuri, neno la Kiingereza lililokaa juu yake linapata maana isiyohitaji kubahatisha. Tena wapo ndugu wa Kiingereza, hasa Kijerumani na Kiholanzi, ambao mara nyingi wamehifadhi maana ambayo Kiingereza kimeiacha. Kitenzi 'starve', ambacho leo ni kufa au kuteseka kwa njaa, kilikuwa 'steorfan', yaani kufa tu kwa sababu yoyote, na Kijerumani 'sterben' kingali hivyo. Neno 'deer', ambalo leo ni paa na kulungu, lilikuwa 'deor', mnyama yeyote, na Kijerumani 'Tier' kingali hivyo. Hata Shakespeare, katika King Lear, anawaita panya kwa neno hilo. Mashahidi hawa wawili, tafsiri ya mtawa na lugha ndugu, wakikubaliana, tunaweza kusema kwa uhakika.

Sasa tulichukue neno 'lord', ambalo leo ni cheo cha bungeni na pia jina la Mungu katika sala. Katika Kiingereza cha Kale liliandikwa 'hlaford', nalo limetokana na 'hlafweard'. Sehemu ya kwanza, 'hlaf', ni mkate, na ndilo neno lililobaki kama 'loaf'. Ya pili ni mlinzi. Mlinzi wa mkate. Mwenzake ni 'hlæfdige', aliyekuja kuwa 'lady', na sehemu ya pili ya jina lake ni ya mkandaji wa unga. Ukoo huohuo umetoa 'dough', unga uliokandwa, na pia mwanzo wa 'dairy', mahali pa kazi ya maziwa. Katika sheria za Æthelberht yumo wa tatu, 'hlafæta', mla mkate, yaani mtu anayekula kwenye nyumba ya mkulima huru na kuwa chini yake. Aliyemwua hulipa shilingi 6. Maneno haya matatu yakiwekwa pamoja yanatuonyesha nyumba nzima ya kale: mmoja anatunza chakula na kukigawa, mmoja anakitayarisha, wengine wanakila na kwa kukila wanafungwa kwa utii. Hakuna kitabu cha historia cha wakati ule kinachotueleza jambo hili kwa ufupi na uwazi kama huo. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba naidharau asili ya maneno. Naiheshimu kama habari ya watu walioliunda neno, wakati wa kuliunda.

Lakini tazameni watu wanapoteleza. Wapo wanaohitimisha kwamba maana halisi ya 'lord' ni mlishaji, na kwa hiyo mtawala asiyelisha watu wake hastahili jina hilo. Ni fundisho zuri la siasa, na ningependa watawala walisikie. Ila neno hili haliwezi kulithibitisha. Wafasiri wa Kiingereza cha Kale waliweka 'hlaford' mahali pa neno la Kilatini la bwana, bwana wa namna yoyote, awe amelisha mtu au hapana. Umbo lenyewe lilikuwa limeshalika: mlinzi amefifia akabaki silabi moja isiyo na maana peke yake. Yaani kabla Wanormani kutoka Ufaransa hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, asili na maana ya neno hili zilikuwa zimekwisha kuachana. Wale tunaowadhania kuwa karibu zaidi na chemchemi hawakulitumia kwa maana ya chemchemi.

Uzito unaongezeka tukiweka bega kwa bega maneno yaliyoanzia mahali pamoja. Katika Kiingereza cha Kale 'cniht' alikuwa mvulana, kisha mtumishi wa kiume. Naye 'cnafa' alikuwa mvulana, kisha mtumishi wa kiume. Kijerumani kimewahifadhi wote wawili karibu na mwanzo wao: 'Knecht' ni mtumishi, 'Knabe' ni mvulana. Kwa Waingereza wakaachana kabisa. Wa kwanza alikuwa mtumishi wa mkuu wa vita. Farasi, silaha na ardhi alizopewa baada ya ushindi wa Wanormani zikampandisha, na leo 'knight' ni cheo cha heshima anachokitoa mfalme. Wa pili alibaki jikoni na zizini, na dharau ya wakubwa kwa watu wa jikoni na zizini ikamshusha hadi 'knave' akawa laghai. Kama asili ingekuwa na nguvu ya kuishika maana mahali pake, ndugu hawa wangezeeka pamoja. Kilichowatenganisha ni mambo ya nje ya lugha: nani alipata farasi na nani hakupata.

Kuna jozi nyingine iliyo ya ajabu zaidi. Neno 'sælig' lilikuwa mwenye heri, aliyebarikiwa. Kijerumani 'selig' kingali kinasema hivyo. Mwenye heri akafikiriwa kuwa hana hatia, asiye na hatia akafikiriwa kuwa wa kuhurumiwa, wa kuhurumiwa akawa dhaifu, na kufikia karne ya 16 dhaifu wa mwili akawa dhaifu wa akili: ndiye 'silly', mpumbavu. Kila hatua ni fupi, na hakuna kizazi ambacho kingeweza kushtakiwa kwamba ndicho kilichoharibu. Upande wa pili yupo 'nice'. Limetoka Kilatini 'nescius', asiyejua, likapitia Kifaransa, na lilipoingia Kiingereza mnamo mwaka 1300 lilimaanisha mpumbavu. Kutoka hapo likawa mtu wa madaha, kisha mchaguzi mno, kisha mwenye umakini wa hali ya juu, na katika karne ya 18 likafika kwenye kupendeza. Maneno mawili yamepishana njiani: la heri limekuwa la mpumbavu, na la mpumbavu limekuwa la mtu mwema.

Neno hili la pili lina kesi yake katika fasihi. Katika riwaya ya Jane Austen iitwayo Northanger Abbey, iliyotolewa mwishoni mwa mwaka 1817, kijana Henry Tilney anamdhihaki Catherine Morland kwa kukiita kitabu 'nice'. Anadai kwamba zamani neno hilo lilikuwa la unadhifu na ustaarabu, na sasa limetandazwa juu ya kila kitu. Walimu wengi wamemfuata Tilney na kuwakataza wanafunzi neno hilo. Lakini maana anayoitetea si ya kwanza; ni kituo cha katikati. Angerudi kwenye asili kwa uaminifu, angelazimika kumwita mpumbavu kila mtu nadhifu. Nimelitazama jambo hili katika mabishano mengi ya maneno ya Kiingereza, na naamini ni la kawaida: anayedai kurudi kwenye maana ya asili karibu kila mara hurudi kwenye maana aliyofundishwa utotoni, akaiita asili.

Yapo pia maneno ambayo huumaliza ubishi huu kwa njia fupi. Mnamo mwaka 1300 'girl' alikuwa mtoto yeyote, wa kike au wa kiume, na asili ya neno hilo haijulikani. Mbwa wa Kiingereza cha Kale aliitwa 'hund', kama kwa Wajerumani. 'Docga' linajitokeza mara chache mno mwishoni mwa kipindi hicho, bila ndugu yeyote wa kuaminika katika lugha za jirani, na ndilo lililoshinda likawa 'dog'. Basi ikiwa maana halisi hukaa katika asili, itabidi tuseme kwamba Waingereza hawajui wanamaanisha nini wanapotaja msichana au mbwa. Sisi wenyewe tuna mfano uliokwenda upande wa pili wa bahari. Kiswahili kilichukua 'safari' kutoka Kiarabu, kikaifanyia kazi yake hata tunasema safari hii kwa maana ya mara hii. Kiingereza kikaichukua kwetu katika karne ya 19 na kuifanya msafara wa kuwinda au kutazama wanyama. Hakuna Mwarabu mwenye haki ya kutusahihisha, wala sisi hatuna haki ya kumsahihisha mtalii.

Hayo ni ya maana. Je, asili yenyewe tunaijuaje? Mwaka 1786 unatupa njia mbili zilizoanza pamoja na kufika mahali tofauti. Mwaka huo London ilipata sehemu ya kwanza ya kitabu cha John Horne Tooke kiitwacho The Diversions of Purley. Tooke alikuwa mwanasiasa shupavu, aliyekwisha kufungwa kwa maandishi yake ya kuwatetea walowezi wa Amerika, na aliamini kwamba kila neno lina maana moja isiyobadilika, ile ya asili. Alilichambua neno 'truth', ukweli, akasema si kitu zaidi ya kile ambacho mtu ana'trow', yaani anachokiamini; kwa hiyo hakuna ukweli wa milele nje ya imani za watu. Tazameni mzigo uliotwikwa neno moja: falsafa nzima. Ushahidi unasema kwamba 'treowe' ya Kiingereza cha Kale ilikuwa ya mtu mwaminifu, asiyevunja ahadi, na wazo la kauli inayolingana na mambo yalivyo lilikua juu yake baadaye. Lakini hata kama Tooke angekuwa sahihi juu ya shina, asingekuwa amethibitisha lolote juu ya ukweli. Mababu waliounda neno hawakuwa na mamlaka ya kuamua jinsi ulimwengu ulivyo.

Mwaka huohuo, tarehe 2 Februari, jaji William Jones aliwahutubia wanachama wa Jumuiya ya Asia mjini Calcutta, akasema kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini vinafanana mno katika mizizi ya vitenzi na maumbo ya sarufi, kiasi kwamba bahati nasibu haiwezi kueleza mfanano huo, na kwamba lazima vina chanzo kimoja ambacho huenda hakipo tena. Kutoka hapo Rasmus Rask wa Denmark na Jacob Grimm wa Ujerumani walifikia kanuni iliyochapishwa na Grimm mwaka 1822. Panapokaa 'p' katika Kilatini, Kiingereza kina 'f': 'pater' na 'father', 'piscis' na 'fish'. Panapokaa 'd', Kiingereza kina 't': 'duo' na 'two', 'decem' na 'ten', 'dens' na 'tooth'. Panapokaa 'c', Kiingereza kina 'h': 'cornu' na 'horn', 'centum' na 'hundred'. Nguvu ya kanuni hii ni kwamba inajua kukataa. Mtu yeyote ataapa kwamba 'have' na 'habere' ya Kilatini, zote zikiwa ni kuwa na kitu, ni ndugu. Kanuni inakataa: 'h' ya Kiingereza hudai 'c' ya Kilatini, na ndugu wa kweli wa 'have' ni 'capere', kukamata. Vivyo hivyo 'day' na 'dies', zote zikiwa ni siku: kama zingekuwa za ukoo mmoja, ya Kiingereza ingeanza na 't'. Elimu iliyoweza kuwakataa mapacha hawa kwa sababu inayoelezeka ni elimu ya kuaminiwa inapokubali undugu wa 'horn' na 'cornu', ambao sikio peke yake lingeutilia shaka.

Pasipo kanuni hiyo, hadithi hushika usukani. Inasimuliwa kwamba mfalme mmoja alifurahishwa mno na kipande cha nyama ya kiunoni hata akachomoa upanga na kukipa cheo cha 'Sir', ndipo nyama hiyo ikaitwa 'sirloin'. Wengine humtaja Henry wa 8, wengine James wa 1, wengine Charles wa 2. Mashahidi wasiokubaliana juu ya mtuhumiwa wanatosha kutia shaka. Tahajia za karne ya 16 zinaonyesha 'sur', na Kifaransa kina 'surlonge', juu ya kiuno. Cheo kiliingizwa na masikio ya watu waliokwisha kusahau Kifaransa. Hadithi ya pili ni nzito zaidi, kwa kuwa imeingia hata katika vitabu vya shule. Walter Scott, katika riwaya yake Ivanhoe ya mwaka 1819, alieneza wazo kwamba mnyama akiwa hai ana jina la Kiingereza kwa sababu Msaksoni ndiye aliyemchunga, na akiwa nyama ana jina la Kifaransa kwa sababu Mnormani ndiye aliyemla: 'ox' na 'beef', 'calf' na 'veal'. Kwamba maneno ya mezani yalitoka Kifaransa ni kweli, na kwamba Wanormani walitawala ni kweli. Lakini Wafaransa wenyewe huita ng'ombe na nyama yake kwa neno moja, na Waingereza kwa karne nyingi walisema 'beeves' kwa ng'ombe walio hai, wakiwa na kwato zao malishoni. Mgawanyo safi alioueleza Scott ulikaa sawa taratibu, muda mrefu baada ya ushindi. Hadithi yake imepokewa kwa sababu inatosheleza hasira ya haki dhidi ya mtawala. Na mimi nadhani sisi tuliotawaliwa tunapaswa kuwa wa kwanza kudai ushahidi wake, maana tunajua jinsi historia iliyorahisishwa inavyoweza kutumiwa.

Wasomi nao hawakusalimika. Neno 'island' lilikuwa 'iegland' katika Kiingereza cha Kale, lisilo na 's' popote. Katika karne ya 16 watu waliosoma walilifananisha na 'isle', ambalo kweli limetoka Kilatini 'insula', wakachomeka 's' iliyo bubu hadi leo. Na watu wasiosoma walikuwa na sarufi yao. Nyoka aliyeitwa 'nædre', Mjerumani akimwita 'Natter', alipoteza 'n' yake kwa neno lililomtangulia, 'a nadder' ikasikika 'an adder'. Njegere zilikuwa 'pease', neno la umoja; masikio yaliposikia 's' ya wingi, yakaunda umoja mpya, 'pea'. Msemaji wa Kiswahili anaielewa kazi hii bila maelezo marefu, kwa kuwa 'ki' ya 'kitabu' ilikuwa sehemu ya shina la Kiarabu, nasi tukaifanya kiambishi na kupata vitabu. Hapo hakuna aliyekosea. Lugha imelipanga neno geni ndani ya utaratibu wake.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia ni hili: ukisema maana ni matumizi, basi kila mtu atalitumia neno atakavyo na hakutakuwa na haki wala kosa. Jibu langu ni kwamba matumizi si matakwa ya mtu mmoja. Ni makubaliano ya jamii fulani, wakati fulani, yanayoacha alama za maandishi, na alama hizo hukaza maana kuliko asili inavyoweza. Katiba ya Marekani ya mwaka 1787 inaahidi kuyalinda majimbo dhidi ya 'domestic violence'. Leo maneno hayo ni ukatili ndani ya familia. Mwaka ule yalikuwa uasi na fujo ndani ya jimbo. Wala asili ya 'domestic', ambayo ni nyumba ya Kilatini, isingekusaidia, ingekupotosha kabisa. Maandishi ya kisiasa ya miaka ile ndiyo yanayoamua. Jambo hili halipo mbali nasi. Sheria za Kenya zinapokea sheria za jumla za Bunge la Uingereza zilizokuwa zikitumika huko tarehe 12 Agosti 1897, na za Tanganyika zilichukua tarehe 22 Julai 1920. Wakili anayesoma neno la sheria hizo anahitaji maana ya siku liliposainiwa. Kamusi ya leo haimtoshi, na mizizi ya Kilatini haimtoshi.

Msomaji wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 yuko katika hali hiyohiyo. Katika Mwanzo 1:29 mimea na matunda hutolewa yawe 'meat', na mtu wa leo hushangaa nyama imeingiaje. 'Mete' ilikuwa chakula cha aina yoyote, ndivyo wafasiri wa Kiswahili walivyoelewa. Katika Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike 4:15 'prevent' ni kutangulia, si kuzuia. Mpinzani wangu atafurahi hapa, maana kutangulia ndiyo asili ya Kilatini. Namkubalia furaha yake: safari hii asili na matumizi vimekutana. Lakini asubiri Waraka wa Pili 2:7, ambapo 'let' ni kuzuia, kinyume kabisa cha 'let' ya leo, ambayo ni kuruhusu. Vilikuwa vitenzi viwili vya Kiingereza cha Kale, 'lettan' na 'lætan', vilivyokuja kufanana kwa sauti. Ni asili ipi atakayoichagua, na kwa kigezo gani? Atalazimika kuusoma mstari wote na kuulinganisha na maandishi mengine ya wakati ule. Akifanya hivyo, amekwisha kuja upande wangu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na silijibu kwa wepesi. Maandishi ya kale yaliandikwa na wachache, wengi wao watawa wa kiume; maneno ya jikoni, ya shambani, ya wanawake na ya watumwa hayakuwa na mwandishi. Kwa hiyo, atasema mtu, tarehe zenu ni tarehe za watawa. Ni kweli. Tarehe ya kwanza ya maandishi si siku ya kuzaliwa kwa neno; inathibitisha tu kwamba kufikia mwaka huo neno lilikuwapo. Ndiyo sababu 'dog' linaonekana kama lililozuka ghafla. Lakini upungufu wa ushahidi haugeuzi kisio kuwa ushahidi. Unatutaka tutafute mashahidi wengine, kama majina ya vijiji na mito, hati za mipaka ya mashamba, lugha ndugu, na mahali wasipopatikana, tuandike kwamba asili haijulikani. Maneno hayo mawili yana heshima kubwa katika kamusi nzuri.

Kamusi ya Kiingereza iliyoonyesha jinsi kazi hii inavyofanywa ilianza na hotuba. Mwaka 1857 kasisi Richard Chenevix Trench aliwaeleza wanachama wa Philological Society ya London mapungufu ya kamusi zao, akataka kila neno lifuatwe tangu linapoonekana hadi linapotoweka. Watu wa kawaida wakaombwa wasome vitabu vya kale na kunakili kwenye vipande vya karatasi sentensi yenye neno, jina la kitabu na mwaka. James Murray akawa mhariri mwaka 1879, sehemu ya kwanza ikatoka 1884, Murray akafariki 1915 kazi haijaisha, na kitabu kikakamilika 1928, kikiwa na maneno zaidi ya 400,000 na nukuu zaidi ya milioni 1.8. Mifano mingi niliyoitoa leo inajulikana kwa sababu ya vipande vile vya karatasi, vilivyojazwa na walimu, makasisi na wanawake waliokuwa majumbani.

Kiswahili nacho kina mashahidi wake. Zipo barua za Kilwa za kuanzia mwaka 1711, kwa hati za Kiarabu, zilizohifadhiwa Goa. Ipo kamusi ya mmisionari Krapf ya mwaka 1882. Yapo magazeti, Msimulizi la Zanzibar la mwaka 1888, Kiongozi la Tanga la mwaka 1904, Mambo Leo la Dar es Salaam la mwaka 1923. Kamusi tunazozitumia kila siku hutuambia kwamba neno ni la Kiarabu, la Kireno au la Kibantu, lakini hazituambii liliandikwa kwanza wapi, mwaka gani, likimaanisha nini. Nawaomba wanafunzi mlio hapa mchague gazeti moja kati ya hayo, mlisome toleo kwa toleo, na kila neno mnaloliona limetumika tofauti na leo mlinakili pamoja na sentensi yake, tarehe na ukurasa.